Mazuku: Ardhi katika Historia ya Kivu

Bibi yangu alikuwa na shamba la maharage kando ya barabara iendayo Sake, magharibi mwa mji wa Goma. Chini ya shamba hilo kulikuwa na bonde dogo lenye umbo la bakuli, lenye nyasi ndefu ambazo hakuna jirani aliyelisha mbuzi wake. Tulipokwenda kwake wakati wa likizo, sisi wajukuu tulikatazwa jambo moja tu: kushuka katika bonde lile kabla jua halijapanda. “Musishuke kule chini, kuko mazuku,” alisema. Mwalimu wangu wa sarufi angesahihisha “musishuke” kuwa “msishuke” na “kuko” kuwa “kuna”. Neno la mwisho asingeweza kulisahihisha, kwa sababu halimo katika kamusi tunayotumia darasani.

Miaka mingi baadaye, nikitafuta habari za volkano katika maktaba, nilifungua makala ya wanajiolojia iliyoandikwa kwa Kifaransa. Katikati ya ukurasa nilikutana na neno la bibi, limepigwa chapa kwa herufi za mlazo bila kutafsiriwa: mazuku. Waandishi walieleza kwamba ni neno la Kiswahili cha eneo la Goma lenye maana ya upepo mbaya unaoua, na kwamba wao wenyewe wanalitumia kama istilahi ya mahali ambapo hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama. Nilifurahi, na papo hapo nikahuzunika, kwa sababu ambayo nitaieleza mbele.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba historia ya Kivu haiwezi kueleweka bila kuelewa ardhi yake. Historia yetu huandikwa kama orodha ya wakoloni, marais, waasi na mikataba. Ardhi huachiwa somo la jiografia, na ikitajwa hutajwa kama “janga la asili”, yaani jambo lisilo na mwenyewe wala sababu. Mimi naona kwamba mara nyingi waliokufa hapa hawakuuawa na ardhi peke yake. Waliuawa pia na pengo lililokuwapo kati ya wanaojua na wasioambiwa. Pengo hilo lina pande mbili, na lugha ni sehemu yake.

Nianze na dhana za msingi. Ganda la nje la dunia si kitu kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole mno. Mahali ambapo mabamba yanaachana, ganda huvutika, hupasuka, na sehemu ya katikati huzama kati ya kuta mbili. Hivyo ndivyo linavyoundwa bonde la ufa. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki lina matawi mawili. Tawi la mashariki hupita Ethiopia, Kenya na Tanzania. Tawi la magharibi huanzia Uganda, likashuka kupitia maziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika hadi Malawi. Upande wetu ufa hupanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka. Hakuna mtu anayeweza kuona mwendo huo kwa macho, lakini matetemeko ya ardhi ni ishara yake, na volkano ni ishara nyingine. Ganda linapokuwa jembamba na kupasuka, miamba iliyoyeyuka, ambayo huitwa magma, hupata njia ya kupanda. Ikifika juu na kutiririka tunaiita lava.

Milima ya Virunga ilizaliwa kwa namna hiyo. Ni volkano 8 zilizopangana mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda. Mbili kati yake, Nyiragongo na Nyamulagira, ziko upande wa Kongo na bado zina moto. Nyiragongo ina kimo cha mita 3,470, na kutoka katikati ya Goma mpaka kwenye kasoko yake ni kama kilomita 20 tu. Usiku, ziwa la lava likiwa limejaa, mawingu juu ya mlima huwa mekundu. Mtoto wa Goma hulala akiangalia wekundu huo kama mtoto wa pwani anavyolala akisikia bahari.

Virunga ilibadilisha hata mwendo wa maji. Hapo zamani maji ya bonde la Kivu yalitiririka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, na hivyo kuingia katika mfumo wa Mto Nile. Volkano zilipoinuka na kumwaga lava zilijenga ukuta ulioziba njia hiyo. Maji yakajaa nyuma ya ukuta, ziwa likapanda, na hatimaye, miaka kama 10,000 iliyopita, likapata mlango upande wa kusini. Mlango huo ndio Mto Ruzizi, unaotoka Bukavu, ukashuka zaidi ya mita 600 hadi Ziwa Tanganyika.

Jambo hili linagusa historia ambayo kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki ameisoma. Mwezi wa Novemba 1871, baada ya kukutana Ujiji, Stanley na Livingstone walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Walitaka kujua kama mto wa huko unatoka ziwani au unaingia. Ungekuwa unatoka, Tanganyika ingeweza kuwa chanzo cha Nile. Walikuta kwamba Ruzizi unaingia, na dhana hiyo ikafa. Watu wa kando ya mto walijua siku zote maji yanakwenda wapi. Swali lilikuwa jipya kwa wageni tu. Lakini kuna jambo ambalo halikujulikana kwa yeyote kati yao: maji ya Kivu yaliwahi kweli kwenda Nile, kabla volkano hazijaufunga mlango. Wenyeji walikuwa na jibu la mwendo wa mto, na jiolojia ikaja kuleta jibu la sababu yake. Naomba msomaji aukumbuke mfano huu, kwa kuwa ndio uti wa hoja yangu.

Wenyeji wa milima hii walikuwa na maelezo yao ya moto. Katika imani ya kale ya Ryangombe, iliyoenea Rwanda na maeneo ya jirani, roho za waliojiunga na ibada zilikwenda kupumzika katika Karisimbi, mlima mrefu wenye ubaridi, na wale wasiojiunga walitupwa katika moto wa Nyiragongo. Tunaweza kuicheka imani hiyo, lakini ndani yake kuna uchunguzi sahihi. Waliosimulia walijua kwamba Karisimbi umelala na Nyiragongo unawaka, na walijua kwamba shimo lake ni mahali pa kuogopwa.

Mzungu wa kwanza kuandika kwamba amepanda Nyiragongo alikuwa Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894. Alitoka pwani, Pangani, akapita Rwanda, akafika Ziwa Kivu na kuendelea mpaka bahari ya magharibi, akiwa na wapagazi wengi. Baadaye, kuanzia 1901, akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ndiye aliyekuwa madarakani Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905. Kwa hiyo mtu yule yule anatajwa katika historia ya Tanzania kwa vita na katika historia yetu kwa mlima. Tangu siku zake, elimu ya milima hii iliandikwa kwa lugha za mbali: Kijerumani kwanza, kisha Kifaransa. Wabelgiji walijenga kituo cha utafiti Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, na mwaka 1948 Haroun Tazieff alianza kuchunguza ziwa la lava la Nyiragongo, ambalo lilikuwa limejulikana kwa wanasayansi tangu 1928. Picha na vitabu vyake vilisomwa Ulaya. Wakulima wa miteremko ile ile hawakusomewa.

Tarehe 10 Januari 1977 kuta za mlima zilipasuka. Ziwa la lava, ambalo lilikuwa limekaa juu kwa miongo mingi, lilimwagika lote kwa muda usiozidi saa moja. Hapa inabidi kueleza tabia ya lava ya Nyiragongo. Lava nyingi duniani ni nzito na hutambaa, mtu mzima anaweza kuikimbia. Ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, kwa hiyo ni nyepesi na hutiririka kama uji wa maji. Siku ile ilishuka kwenye mteremko mkali kwa kasi iliyofika kilomita 60 kwa saa. Haikufika katikati ya mji, lakini ilifunika vijiji. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana, kutoka makumi hadi mamia. Kutokuwa na hesabu moja ni jambo la kihistoria pia: waliokufa walikuwa watu wa vijijini ambao hawakuwa wameandikwa popote.

Mfano wa pili hauna moto. Mnamo Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka na kuingia Goma kwa siku chache. Kipindupindu na kuhara damu vikazuka. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Vitabu vya historia vinaeleza siasa ya msafara ule, na ni sawa vieleze. Lakini kwa nini ugonjwa uliua kwa kasi kiasi kile? Sehemu ya jibu iko chini ya miguu. Goma na vitongoji vyake vimekaa juu ya lava iliyoganda. Mwamba huo ni mgumu, jembe na sururu hudunda. Vyoo havikuchimbika, na makaburi pia hayakuchimbika. Tena mwamba huo umejaa nyufa na matundu, kwa hiyo mvua ikinyesha hunywewa mara moja, na ndiyo sababu hakuna mito juu ya uwanda wa lava. Maji yaliyokuwapo ni ya ziwa, na watu wote waliyachota pale pale walipochafua. Kambi ya Kibumba, iliyokuwa kaskazini juu ya lava kavu, haikuwa na maji kabisa. Mtu aliyejua maana ya mwamba huo angeweza kubashiri ugonjwa kabla haujaanza.

Mwaka 2002 moto uliingia mjini. Watafiti wa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986, walikuwa wakifanya kazi na vifaa vichache mno katika wakati wa vita. Mtafiti Dieudonné Wafula na wenzake waliona dalili na wakatoa tahadhari kabla ya mlipuko. Hakuna mpango wa kuhamisha watu uliofuata. Asubuhi ya tarehe 17 Januari nyufa zilifunguka upande wa kusini wa mlima, zikashuka hadi karibu na mji. Lava ilipita juu ya uwanja wa ndege, ikakata katikati ya Goma, ikaingia ziwani. Ilifunika kama asilimia 13 ya mji na kuacha watu wapatao 120,000 bila nyumba. Mamia ya maelfu walivuka kwenda Gisenyi. Zaidi ya watu 100 walikufa, na wengi wao hawakufa kwa kuguswa na lava. Siku chache baadaye kituo kimoja cha mafuta kililipuka watu wakiwa wanachota mafuta karibu na lava ambayo bado ilikuwa na joto.

Mama alikuwa na mimba yangu wakati ule. Aliniambia kwamba waliporudi kutoka Gisenyi, siku tatu baadaye, walitembea juu ya nyumba yao bila kujua. Walijua wamefika kwa kumwona jirani amesimama akilia. Walijenga tena juu ya lava hiyo hiyo, kwa vipande vya lava hiyo hiyo. Ukipita leo katika mtaa wetu utaona kuta nyeusi za mawe ya volkano na chukudu za mbao zikibeba magunia juu ya barabara za mawe hayo. Wageni huuliza kwa nini watu walirudi. Jibu ni rahisi: viwanja, biashara, shule na makaburi yao yalikuwa hapo, na nje ya mji kulikuwa na vita.

Sasa nifike mwaka 2021, ambao niliuona mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 22 Mei, jioni, anga ikawa nyekundu kupita kawaida. Hapakuwa na tahadhari yoyote kabla. Baadaye ilijulikana hadharani kwamba msaada wa fedha kwa kituo cha uchunguzi ulikuwa umekoma mwaka uliotangulia, na kwamba watafiti walikaa kwa miezi kadhaa bila intaneti ya kupokelea taarifa kutoka kwenye mitambo yao. Lava ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji. Watu wapatao 32 walikufa. Kisha matetemeko yakaanza, mfululizo, mchana na usiku, na barabara zikapasuka.

Alfajiri ya tarehe 27 Mei ikatangazwa kwamba mitaa 10 ihame mara moja. Sababu iliyotolewa ni kwamba magma imeonekana kuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Sisi tulitembea kwenda Sake, kilomita 25 hivi, tukiwa na magodoro kichwani. Njiani niliwasikia watu wakijadiliana sababu hiyo. Mmoja alisema ziwa litachemka. Mwingine alisema ardhi itafunguka tuingie. Wa tatu, mzee mmoja, alisema ni uongo wa wanasiasa wanaotaka viwanja, akageuka na kurudi mjini na wajukuu wake wawili. Nilikuwa na cheti cha shule ya sekondari na sikuwa na neno la kumwambia mzee yule. Nilikuwa nimefundishwa magma kwa Kifaransa, nikaikariri kwa ajili ya mtihani, na sikuweza kuieleza kwa lugha aliyonisalimu kwayo.

Sababu ya kweli ilikuwa gesi. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi. Katika tabaka zake za chini kumeyeyuka kiasi cha kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na kama 60 za methani. Hewa ya ukaa hutokana zaidi na volkano, na methani hutengenezwa na vijidudu. Gesi hizi hukaa chini kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake, kama gesi inavyokaa ndani ya chupa ya soda iliyofungwa. Maji ya chini yakisukumwa juu kwa ghafla, kwa mfano na magma inayopenya sakafu ya ziwa, ni sawa na kuifungua chupa baada ya kuitikisa. Jambo hilo limewahi kutokea katika ziwa dogo sana kuliko letu, Ziwa Nyos la Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986. Wingu la hewa ya ukaa lilitoka majini, likatambaa mabondeni na kuua watu wapatao 1,700 na mifugo yao. Pembezoni mwa Kivu wanaishi watu milioni 2 hivi.

Gesi hiyo hiyo inaweza kuwa mali. Tangu 1963 methani ya Kivu ilivunwa Rubona, upande wa Rwanda, ikapasha mitambo ya kiwanda cha pombe cha Gisenyi. Tangu mwisho wa 2015 mtambo ulioko karibu na Kibuye unatoa umeme wa megawati 26. Kila methani inayotolewa kwa utaratibu mzuri ni methani iliyopungua ziwani. Kwa hiyo ujuzi wa jiolojia hauhusu hofu peke yake.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye bonde la bibi. Mazuku ni hewa ya ukaa inayopanda kupitia nyufa za lava. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, kwa hiyo hujikusanya mahali pa chini kama maji. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua. Huanza kuua aliye mfupi: panya, kondoo, mtoto. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama, na akiinama kufunga kamba ya kiatu akaanguka. Bibi hakujua habari ya hewa ya ukaa, lakini alijua mahali, saa na kimo. Alijua kwamba kibatari hushushwa kwanza, na kikizimika unarudi nyuma. Maarifa hayo yalikuwa kamili kwa matumizi yake.

Lakini hayakutosha kuvuka kwa mtu mwingine. Miaka ya vita familia nyingi zilikimbia kutoka Masisi na kupiga mahema njia ya Sake. Bulengo, ambako wengi walikaa, imo katika ukanda huo wa mazuku. Familia moja ilijenga kibanda karibu na shamba la bibi. Bibi aliwaonya kama alivyotuonya sisi: kule chini kuko mazuku. Walimwelewa kwa namna yao. Walisikia kama mizuka, mambo ya mashetani, na wao walikuwa watu wa sala. Wakaliombea bonde lile, wakaona limetakasika. Asubuhi moja mtoto wao wa miaka sita alimfuata mbuzi huko chini. Baba alishuka kumtoa akamkuta amelala kama aliyesinzia, na yeye mwenyewe alitolewa kwa kamba akiwa nusu mfu. Bibi aliishi miaka minne baada ya hapo, na hakuacha kusema, “Niliwaambia. Niliwaambia vibaya.”

Ndiyo maana nilihuzunika katika maktaba. Wanasayansi walikuwa wamelichukua neno kutoka kwa watu kama bibi, wakalipa maelezo kamili ya sababu, na maelezo hayo yakabaki katika Kifaransa na lugha nyingine za mbali. Bibi alikuwa na neno na uchunguzi, hakuwa na sababu. Wao walikuwa na vyote, lakini hawakurudi. Kama angeweza kusema, “Kule chini kuna hewa nzito inayotoka kwenye mwamba, inakaa kama maji, ukizama ndani yake unakosa pumzi,” yule baba asingehitaji sala wala kamba.

Najua mtu anaweza kunipinga. Anaweza kusema kwamba lava haisimamishwi na istilahi, na kwamba Goma inahitaji vipimo, barabara za kutokea na amani kabla ya insha za Kiswahili. Nakubali kwamba vinahitajika. Wafula na wenzake walikuwa na maarifa mwaka 2002 na bado mji uliungua. Hata hivyo, naona kwamba kipimo hutoa taarifa, na taarifa hufanya kazi pale tu inapofika kwa mtu ikiwa na sababu anayoweza kuipima kwa akili yake. Mzee aliyegeuka njia ya Sake hakukosa akili. Aliishi miaka sitini akidanganywa na wenye mamlaka, na aliposikia amri isiyo na maelezo aliipima kwa uzoefu huo. Tahadhari isiyoeleweka hufanana sana na uongo.

Wala sisemi kwamba elimu ya wenyeji ni bora kuliko sayansi. Mfano wa Ruzizi umeonyesha vinginevyo: wenyeji walijua mto unakwenda wapi, na jiolojia ikaeleza kwa nini. Historia nzuri ya Kivu ingeviweka viwili hivyo katika ukurasa mmoja. Ingeandika mwaka 1977 pamoja na wepesi wa lava, mwaka 1994 pamoja na ugumu wa mwamba, mwaka 2021 pamoja na uzito wa maji ya ziwa. Na ingeandikwa kwa lugha inayosemwa sokoni Goma, Bukavu na Uvira, ambayo inasomeka pia Kigoma, Mombasa na Gisenyi, kwa sababu ufa huu haukupasuka kwa kufuata mipaka.

Wenzangu wa idara ya Kiswahili huniuliza kwa nini mwanafunzi wa lugha anahangaika na miamba. Nawajibu kwamba sisi ndio tunaosomea kazi hii. Maneno ganda la dunia, bamba, ufa, kasoko, tabaka na gesi tayari yapo. Kilichobaki ni kuyaunganisha katika sentensi ambazo bibi angeweza kuzitumia. Mwaka huu, nikiwa likizo, nilikwenda shambani. Bonde limebaki vile vile. Nilipaka rangi nyeupe kwenye bati, nikaandika sentensi tatu kuhusu hewa nzito, saa na kimo, na nikaanza kwa neno la bibi bila kulisahihisha. Jirani mmoja alilisoma kwa sauti hadi mwisho, akaniuliza, “Kwa hiyo jua likipanda inapungua kwa sababu ya upepo?” Nikamwambia ndiyo. Akasema kwamba hilo alikuwa akilijua siku zote, ila hakujua kwamba linaweza kuelezwa.